KUSTAAFU MAPEMA: NI HIARI YA NANI?

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, muumini mmoja ambaye ni mhadhiri katika chuo kikuu cha umma alinijia sakristia akiwa na karatasi mkononi. Ana umri wa miaka 58, na amefundisha kwa miaka 27. Karatasi ile ilikuwa fomu ya kustaafu mapema. Ilieleza kwamba chuo kimo katika shida ya fedha, kwamba watakaokubali kuondoka kabla ya wakati wao watapewa malipo ya mkupuo juu ya mafao yao, na kwamba jibu lirudishwe katika muda wa siku tano. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na maneno haya: kwa hiari. Akaniuliza: "Padre, nikitia sahihi hapa, je, nitakuwa nimechagua, au nitakuwa nimechaguliwa?"

Sikuweza kumjibu siku ile. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba asitie sahihi kabla ya kuzungumza na mkewe. Lakini swali lake halikuniacha. Mlipoiomba Tume ya Haki na Amani iwaletee mada juu ya haki za wafanyakazi, niliona yafaa nilijibu mbele yenu. Maana baadhi yenu mmekwisha kupokea barua ya namna hiyo, wengine mtaipokea, na wengine mtaombwa ushauri na jirani katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

1. Jambo lenyewe

Kustaafu mapema kwa hiari si jambo baya kwa asili yake. Mwajiri aliyeishiwa fedha ana njia chache. Aweza kuwafukuza watu, aweza kuwapunguzia wote mishahara, au aweza kuwaomba baadhi yao waondoke kwa heshima na kuwapa kitu cha kuwasaidia. Katika njia hizo, ya tatu ndiyo yenye utu zaidi. Tena wako watu waliochoka, wagonjwa, au wenye shamba na wajukuu wanaowangoja, ambao barua hiyo kwao ni jibu la sala. Wako pia vijana wenye shahada waliokaa miaka mingi wakingoja nafasi moja ifunguke. Kwa hiyo sikuja hapa kumhukumu mwajiri anayeandika barua hiyo, wala mfanyakazi anayeikubali.

Hata hivyo, sisi Wakenya tumekwisha kuionja njia hii, na ladha yake haikuwa tamu kwa wote. Mwaka 1993 serikali ilianzisha mpango wa kurekebisha utumishi wa umma, na watumishi wa madaraja ya chini, kuanzia A hadi G, wakakaribishwa kustaafu mapema kwa hiari. Hao walikuwa matarishi, madereva, makarani na wafagiaji. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 40,000 waliondoka kwa njia hiyo. Mwaka 2000 upunguzaji uliendelea, na safari hii watu hawakuulizwa.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Jirani yetu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali. Alitia sahihi bila kumwambia mtu nyumbani, na mkewe alipata habari siku lori lilipofika likiwa limebeba mashine ya kusaga mahindi. Kwa miezi michache tulipeleka mahindi yetu kwake. Kisha wengine wawili waliostaafu kama yeye wakanunua mashine katika soko lilelile, wateja wakagawanyika, dizeli ikapanda bei, na mashine ikanyamaza. Alikuwa na miaka 43. Watu wakasema kwamba hakuwa na akili ya biashara. Mimi leo nauliza swali jingine: Je, kuna mtu yeyote aliyekaa naye chini, kabla ya sahihi ile, akamwonyesha kwa hesabu kile alichokuwa akikiuza?

2. Mfano wa mbali ambao hesabu yake imekwisha kufungwa

Ili tuone vizuri, nawaomba tuende mbali kidogo, hadi jimbo la California nchini Marekani. Nimechagua mfano huo kwa sababu mbili. Kwanza, ulianza miaka zaidi ya 30 iliyopita, hivyo tunaweza kuona mwisho wake, lakini mambo yetu wenyewe bado yanaendelea. Pili, wahusika walikuwa maprofesa, watu wenye elimu na ulinzi wa sheria. Yakiwako maswali ya haki hata kwa watu wenye nguvu kama hao, basi kwa tarishi wetu maswali hayo ni mazito zaidi.

Katika vyuo vikuu vya Marekani uko utaratibu wa ajira ya kudumu. Profesa akiisha kupimwa kwa miaka kadhaa na kukubaliwa, haondolewi kazini ila kwa kosa kubwa au kwa dhiki ya kweli ya chuo. Misingi ya utaratibu huo iliwekwa wazi mwaka 1940 katika tamko la chama cha maprofesa na umoja wa vyuo. Nia yake haikuwa kumpa profesa raha, bali kumpa uhuru wa kutafuta ukweli na kuusema, hata ukiwa mchungu kwa wakubwa, bila kuogopa kukosa mkate.

Zamani profesa huyo alilazimika kustaafu afikapo umri fulani. Lakini mwaka 1967 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ubaguzi kwa sababu ya umri kazini, na mwaka 1986 ikafuta kustaafu kwa lazima karibu katika kazi zote. Vyuo vikuu vilipewa muda wa kujitayarisha, na muda huo ulimalizika tarehe 31 Desemba 1993. Tangu hapo, profesa mwenye ajira ya kudumu hawezi kuambiwa aende nyumbani kwa sababu tu ametimiza miaka 70. Basi chuo kikitaka aondoke, hakina budi kumwomba, na kumwomba kwenyewe huhitaji fedha.

Miaka ileile ya mwanzo ya 1990, California iliingia katika mdororo wa uchumi. Jimbo likapunguza fedha linazokipa Chuo Kikuu cha California, ambacho wakati huo kilikuwa na kampasi tisa. Fedha za mishahara zikapungua, lakini mfuko wa pensheni wa chuo hichohicho ulikuwa umejaa. Ulikuwa na mali nyingi kuliko madeni yake. Wakuu wakaona mlango. Waliwaambia wafanyakazi wa umri mkubwa, maprofesa miongoni mwao: ukikubali kustaafu sasa, tutakuongezea katika hesabu ya pensheni miaka ambayo hukuitumikia. Mwaliko huo ulitolewa mara tatu, na hadi kufikia mwaka 1994 maprofesa wapatao 2,000 walikuwa wameondoka, yaani karibu mmoja katika kila watano.

Kwa wengi wao yalikuwa mapatano mazuri. Pensheni yao ilikuwa nono, na wengine waliitwa tena kufundisha somo moja au mawili kwa malipo ya muda. Chuo nacho kilipona. Mtu angeweza kusema kwamba wote walishiba na hakuna aliyeumia. Lakini akiba haiozi, wahenga walisema, na akiba isipooza huwa na mwenyewe. Yatupasa kuuliza fedha ile ilikuwa ya nani.

3. Fedha ilitoka wapi?

Tazameni vizuri jinsi jambo hili lilivyotendeka. Mshahara wa profesa ulilipwa kutoka bajeti ya chuo, ambayo ilikuwa tupu. Pensheni yake ililipwa kutoka mfuko wa wafanyakazi, ambao ulikuwa umejaa. Kwa kumhamisha profesa kutoka orodha ya mishahara hadi orodha ya wastaafu, chuo kiliutoa mzigo katika bajeti na kuuweka juu ya akiba. Mzigo haukutoweka. Ulibadilisha bega tu.

Wakati huohuo likafanyika jambo la pili. Kwa kuwa mfuko ulikuwa umejaa, mnamo Novemba 1990 chuo kiliacha kuuchangia, na makato ya wafanyakazi yakaelekezwa katika akaunti zao binafsi. Likizo hiyo ya michango ilidhaniwa kuwa ya muda. Ikadumu karibu miaka 20. Kila mwaka masoko ya fedha yalipokuwa mazuri, ilionekana hakuna haja ya kuweka kitu. Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, na mfuko uliokuwa ukifurika ukawa na upungufu. Mwezi Aprili 2010 michango ilianza tena, kwa chuo na kwa wafanyakazi.

Nani basi alikuja kubeba bega lile? Walioajiriwa kuanzia tarehe 1 Julai 2013 waliwekwa katika daraja jipya la pensheni. Watangulizi wao waliweza kustaafu wakiwa na miaka 50, na kupata kiwango cha juu kabisa cha hesabu wakiwa na miaka 60. Hawa wapya yawapasa kungoja hadi miaka 55, na kiwango cha juu ni miaka 65. Sisemi kwamba mwaliko wa kustaafu mapema peke yake ndio ulioleta hayo. Likizo ya michango na kuanguka kwa masoko vilikuwa na sehemu kubwa. Nasema tu kwamba mambo hayo matatu yalitokana na wazo moja, yaani kuihesabu akiba iliyojaa kuwa ni mali isiyo na mwenyewe. Kumbe ilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe huyo alikuwa bado yuko shuleni.

4. Kanisa lafundisha nini juu ya hiari?

Ndugu zangu, dunia huamini kwamba pakiwa na sahihi mbili, haki imetimia. Kanisa halijapata kuamini hivyo.

Someni kitabu cha Mwanzo, sura ya 25. Esau alirudi kutoka porini amechoka na njaa inamuuma, akakuta ndugu yake anapika dengu. Yakobo hakumnyang'anya kitu. Alimtajia bei, Esau akakubali, akaapa, akala, akaenda zake. Ukiyatazama mapatano yao kwa jicho la karani, hayana kasoro: kulikuwa na muuzaji, mnunuzi, bei na kiapo. Lakini kila asomaye anajua kwamba palikuwa na kasoro mahali fulani. Esau alidharau kilicho chake, hilo ni kosa lake. Na Yakobo alichagua saa ya njaa kuwa saa ya biashara, hilo ni lake yeye.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi uitwao Rerum Novarum, alilisema jambo hilihili kwa lugha ya viwanda vya wakati wake. Alifundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi hayawezi kuwa neno la mwisho, kwa kuwa iko haki ya asili iliyo juu ya mapatano yoyote. Mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa jambo baya zaidi, huyo ametendwa kwa nguvu, hata kama mkono wake mwenyewe ndio ulioshika kalamu. Naye Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, aliihesabu pensheni miongoni mwa haki za mfanyakazi. Haki si zawadi, wala si kitu cha kumvutia mtu nacho kama mtego.

Nanyi mnayajua hayo kutoka mahali pengine. Wachumba wanapofika mbele ya altare, huulizwa kwanza kama wamekuja kwa uhuru wao bila kulazimishwa. Mahari yaweza kuwa imetolewa, wageni wamekaa, wali uko motoni. Lakini ikibainika kwamba mmoja wao alisema ndiyo kwa sababu ya kutishwa, Kanisa husema hapakuwa na ndoa.

Hata kuacha madaraka ndani ya Kanisa kunapimwa hivyo. Askofu anayetimiza miaka 75 anaombwa amwandikie Baba Mtakatifu barua ya kujiuzulu, na paroko amwandikie askofu wake. Lakini kanuni ya 188 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema wazi kwamba kujiuzulu kunakotokana na hofu kubwa iliyotiwa bila haki, au hila, au kosa la kutoelewa jambo la msingi, au biashara ya vitu vitakatifu, ni batili kwa sheria yenyewe. Si kwamba kwaweza kubatilishwa baadaye, la hasha, bali ni kama hakukuwapo. Biashara ya vitu vitakatifu tuiache kando, maana haituhusu leo. Hayo matatu yaliyobaki, hofu, hila na kutoelewa, nayachukua yawe mizani yetu.

5. Mizani tatu

Ya kwanza ni hofu. Barua yasema "kwa hiari," lakini katika korido watu wananong'ona kwamba asiyetia sahihi sasa ataondolewa baadaye bila kitu. Mkuu wa idara anawaita watu mmoja mmoja. Ratiba ya masomo inapopangwa, mwenye kusita anapewa madarasa ya alfajiri na ya usiku. Hapo hiari imekwisha kufa. Alama ya hiari ya kweli si uwezo wa kusema ndiyo, kwa maana hata mateka husema ndiyo. Alama yake ni kwamba aliyesema hapana anarudi kazini kesho yake na kukuta kiti chake, heshima yake na kazi yake vikiwa palepale.

Ya pili ni hila. Hila si lazima iwe uongo. Yaweza kuwa ukweli uliokatwa nusu. Mtu anaonyeshwa jumla ya fedha atakayopata, bila kuonyeshwa mshahara, michango na bima ya matibabu atakayopoteza kwa miaka iliyobaki. Au anaahidiwa kama nyongeza kitu ambacho tayari kilikuwa haki yake. Kwa mfano, Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, afuate vigezo vya haki katika kuchagua wa kuondoka, na amlipe kila mmoja si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Anayestaafu kwa hiari aweza kujikuta nje ya ulinzi huo. Basi yapasa malipo anayoahidiwa yalinganishwe kwanza na kile ambacho sheria ingempa bila kuombwa.

Ya tatu ni kutoelewa. Yule mhadhiri, mtu wa shahada tatu, aliniambia kwamba hakuielewa hesabu ya pensheni katika fomu ile. Ikiwa yeye hakuielewa, karani ataielewaje? Na wapo wasiojua hata kama michango yao imefika. Mamlaka inayosimamia mafao ya kustaafu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, imelalamika mara nyingi juu ya waajiri wa umma, vyuo vikuu miongoni mwao, wanaokata michango katika mishahara na kuchelewa kuipeleka katika mifuko. Mtu aweza basi kutia sahihi ya kwenda kula akiba ambayo bado haijawekwa.

Si vigumu kutunga sheria ya kuzuia mabaya hayo. Marekani ilitunga moja mwaka 1990. Mfanyakazi mwenye miaka 40 au zaidi anapoombwa kuachilia haki zake za sheria ya umri, maandishi yawe katika lugha anayoielewa. Ashauriwe kwa maandishi kumwona mwanasheria. Alipwe kitu kilicho juu ya kile anachodai tayari. Apewe siku 21 za kufikiri, au siku 45 kama mpango ni wa kikundi. Na hata baada ya kutia sahihi awe na siku saba za kubadili nia. Siku 45, ndugu zangu, nasi hapa mtu anapewa siku tano. Haraka haraka haina baraka, na mara nyingi mwenye kuharakisha ndiye anayejua kwamba hesabu ikipigwa polepole itakataliwa.

6. Wanaobaki na wanaokuja

Mpaka hapa tumemtazama anayeondoka. Haki yadai tuwatazame pia wengine wawili.

Wa kwanza ni anayebaki. Chuo kinapowapoteza walimu wake wazee kwa mwaka mmoja, hakipotezi vinywa vya kulisha tu. Kinampoteza anayejua kwa nini mtaala ulipangwa hivi, anayeweza kusimamia tasnifu ya udaktari, anayeweza kumwambia mkuu wa chuo usoni kwamba amekosea. Na nafasi zao zisipojazwa na vijana wenye ajira kamili, bali na walimu wa kulipwa kwa saa, basi uhuru wa kusema ukweli umeuzwa pamoja na kiti. Huko Marekani leo, wengi wa wanaofundisha vyuoni hawana ajira ya kudumu wala hawako katika njia ya kuipata. Mwalimu ambaye mkataba wake unakwisha Desemba atapima maneno yake tangu Septemba.

Wa pili ni kijana anayekuja. Mara nyingi tunaambiwa kwamba wazee waondoke ili vijana wapate nafasi. Ni sababu njema ikiwa ni ya kweli. Basi iandikwe: nafasi ngapi zitafunguliwa, lini, na kwa masharti gani. Kama nafasi inafutwa mara tu mzee anapoondoka, kijana ametumiwa kama kisingizio. Na kama malipo ya mzee yanatoka katika akiba ya kijana, kama ilivyokuja kuonekana California, basi kijana huyo amelipa nauli ya gari ambalo hakulipanda.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha njia bora. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Mungu anaagiza kwamba Walawi waingie katika utumishi wa Hema wakiwa na miaka 25, na wafikapo miaka 50 waache kazi ile nzito. Lakini haishii hapo. Inaagizwa pia kwamba waendelee kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Mzee anapumzishwa mzigo, hafutwi katika jamii. Kijana anapokea mzigo, haachwi peke yake. Tena umri huo umewekwa kwa wote, unajulikana tangu mwanzo, na hakuna Mlawi anayeitwa pembeni kuambiwa bei yake.

7. Wajibu wetu parokiani

Ninyi viongozi wa walei mwaweza kufanya nini? Hamwezi kuijaza hazina ya chuo wala ya serikali. Lakini hakuna muumini wa parokia hii ambaye yapasa aikabili fomu kama ile peke yake. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila Jumuiya iwajue wanachama wake wanaofanya kazi katika mashirika yenye barua za namna hii, na iwaambie mapema kwamba mlango uko wazi. Watu huficha barua hizi kwa aibu, kana kwamba ni ugonjwa.

Pili, Tume ya Haki na Amani ya parokia itengeneze orodha ya waumini wenye ujuzi wa uhasibu na sheria ambao watakuwa tayari kumsomea mtu fomu yake bila malipo, kwa lugha anayoielewa.

Tatu, mwenye kupokea barua aombe kwa maandishi majibu haya: Michango yangu yote imefika? Nisipokubali, nini kitatokea? Sheria ingenipa nini kama ningepunguzwa kazini? Fedha hii inatoka mfuko gani? Aombe pia muda zaidi. Wakiomba kumi pamoja, kwa njia ya chama chao cha wafanyakazi, watasikilizwa kuliko mmoja.

Nne, mume amwambie mke, na mke amwambie mume, kabla ya sahihi. Mafao yale ni chakula cha nyumba nzima. Yule jirani yetu wa mwaka 1994 aliishi miaka mingi baadaye, naye alipenda kusema kwamba hakuilaumu sana mashine. Alijilaumu kwa ule ukimya wake.

Nanyi mlio waajiri, au mnaokaa katika mabaraza ya vyuo na shule, zikiwamo shule zetu za Kanisa, nawasihi msiandike neno "hiari" mahali ambapo hamko tayari kuliheshimu. Kama hakuna njia ila kupunguza watu, semeni hivyo, fuateni sheria, na mlipe kinachopasa. Ukweli mchungu una heshima kuliko hiari ya uongo.

Narudi kwa mhadhiri wetu. Hakutia sahihi juma lile. Aliomba kwa maandishi taarifa ya michango yake, na alipoipata akaona iko miezi ambayo makato yake hayakuwa yamefika katika mfuko. Bado anafundisha, na bado anaidai michango ile. Mwenzake wa chumba cha jirani alitia sahihi baada ya kupata majibu yaleyale, akaondoka na amani, kwa kuwa mwanawe wa mwisho alikuwa amemaliza masomo na shamba lilikuwa likimngoja. Mmoja alisema hapana, na mwingine akasema ndiyo. Nawahesabu wote wawili kuwa wamechagua, kwa sababu wote wawili walijua walichokuwa wakikitolea jibu, na hakuna aliyewatisha.

Mungu, ambaye alituumba huru na hapendi hata ndiyo yetu kwake iwe ya kulazimishwa, awabariki ninyi na kazi za mikono yenu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika Jumuiya yetu yuko mtu aliyestaafu mapema? Alisaidiwa na nani kufanya uamuzi? Tunaweza kujifunza nini kwake?

2. Esau na Yakobo: ni nani katika mazingira yetu anayechagua saa ya njaa kuwa saa ya biashara?

3. Je, sisi wenyewe, kama waajiri wa wafanyakazi wa nyumbani, wa shamba au wa parokia, tunaweka akiba kwa ajili ya uzee wao?

4. Tufanye nini ili vijana wasilipie leo makosa ya mifuko iliyotumiwa jana?